Mchumba Wangu Hakuuliza Maji

"Rudini na mbuzi wenu!"

Hayo ndiyo maneno ambayo mama yangu mzazi aliwaambia wazee wa mchumba wangu... mbele ya majirani, mbele ya pasta, mbele ya sufuria za mukimo ambazo hazikuwa zimefunuliwa.

Mimi nilikuwa ndani, nimevaa gauni la kijani, nywele zimesukwa, nikingoja kuitwa nje nimtambulishe mwanaume ninayempenda.

Binamu yangu Kimberly, ambaye alikuwa anachungulia nyuma ya pazia, akashika mdomo.

"Becky... Auntie anafukuza watu."

"Acha mchezo."

"Haki ya Mungu. Kuja uone."

Nikachungulia.

Mama alikuwa amesimama katikati ya hema. Mzee Njuguna, aliyetambulishwa kwetu kama mjomba wa mchumba wangu, alikuwa bado ameshika kikombe cha chai. Kofia yake ya manyoya ilikuwa imeteleza upande mmoja.

"Mama Becky, tumekosea wapi?"

"Hamjakosea, mzee. Kuleni chakula mshibe. Lakini mkiondoka, mwondoke na mbuzi."

Nilitoka mbio bila viatu.

"Mum! Unafanya nini?!"

"Ingia ndani, Becky."

"Unavunja uchumba wangu kwa sababu ya maji? Kwa sababu ya MAJI, Mum?!"

Mama aliinama, akafungua kamba ya mbuzi kutoka kwenye mti kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi mzee. Walikuwa mbuzi wawili. Mmoja alikuwa na sikio lililochanika, na alilia kama mtoto akivutwa langoni.

Gachanja, mchumba wangu, alinitazama mara moja tu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Kisha akaingia kwenye gari.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ndugu zangu, kabla hamjamhukumu Mama. Au mimi.

Mama yangu anaitwa Chelagat. Wengi wenu hamumjui, na si neno. Alikimbia marathon ughaibuni miaka mingi, akashinda kadhaa, kisha goti likakataa. Siku hizi ni mama wa gumboots na kanga kiunoni huko Dundori, anayejua jina la kila ng'ombe wake.

Uwekezaji wake wa kwanza ulikuwa matatu. Alimnunulia Baba. Baba akaiwasha asubuhi moja, akaelekea barabarani, na hadi leo hajafika stendi.

Tangu siku hiyo Mama hanunui kitu chenye magurudumu. Hata wilbaro anaazima kwa jirani.

Alichonunua ni udongo. Kila akirudi kutoka mbio, alikuwa akiongeza kipande kwa jirani aliyetaka kuuza. Akaweka ng'ombe. Akaweka viazi. Ng'ombe wakalipa karo yangu, viazi vikajenga nyumba. Hakuna aliyewahi kumwita tajiri, lakini wenzake wengi waliomshinda kwa medali leo wanachangiwa pesa za hospitali, na Mama ndiye huwa anachanga.

Mimi nilisomea biashara chuoni. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu jambo lililokuwa likiniuma tangu utotoni: kwa nini wanariadha wetu wanastaafu wakiwa na majina makubwa na mifuko mitupu?

Ndoto yangu ilikuwa ofisi ndogo hapa Nakuru mjini. Meza moja, viti viwili. Mwanariadha akistaafu, aje aketi, apate ushauri wa kweli bila kuibiwa.

Mnaweza kunicheka. Wengi walinicheka.

Gachanja hakucheka.

Tulikutana kwenye semina ya uwekezaji katika hoteli moja mjini. Nilisimama nikauliza swali, watu wakanong'ona, na yeye akageuza kiti chake chote ili anisikilize.

Baadaye akanifuata nje.

"Wewe ndiye umeuliza kuhusu wanariadha?"

"Eeh."

"Usiache. Hiyo kitu itasaidia watu."

Nikaisha hapo hapo.

Aliniambia yeye ni mwekezaji tu, kijana anayejitafutia. Alikuwa amenunua ploti ya kwanza kabisa katika mradi mpya kule Gilgil, unaoitwa Bingwa Gardens. Akanipeleka nikaione. Uwanda mkubwa, vichaka vya leleshwa, upepo, na jiwe la mpaka lililochorwa nambari moja kwa rangi nyekundu.

Akanishika mkono, akanitembeza kwenye nyasi kavu.

"Hapa ni jikoni, babe. Ukipika utakuwa unaona mlima ule."

"Na hapa?"

"Chumba cha watoto."

Nililia. Jamani, nililia kwenye nyasi.

Na Mama? Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi! Mnajua kwa nini?

Mama ana rekodi za mbio zake za zamani. Mimi nimezitazama mpaka nimechoka. Gachanja akija Dundori, alikuwa akiketi na Mama kwenye kochi, wanatazama marathon nzima, mwanzo hadi mwisho. Anajua Mama atashinda, lakini bado anapiga kelele!

"Mama, toka hapo nyuma! Huyo wa bluu amechoka, mwangalie mabega!"

"Ngoja kidogo, ngoja... bado..."

"Sasa! Sasa Mama! Eeeeh!"

Mama anacheka mpaka anashika goti lake bovu.

Kwa hivyo Gachanja alipoanza kumwambia auze shamba, hakusikika kama mtu wa nje.

"Mama, Dundori ni pesa imelala. Ng'ombe anaweza kufa. Ploti haifi. Uza hili shamba, chukua safu nzima kule Gilgil, uuze polepole ukiwa umekaa chini. Hilo goti lipumzike."

"Na ng'ombe wangu?"

"Mama, umekimbia vya kutosha."

Maneno hayo yalimwingia. Nilimwona. Ni nani aliyewahi kumwambia Mama apumzike? Baba? Mimi?

Mnunuzi wa shamba akapatikana upesi. Nilijua Mama yuko karibu kusema ndiyo.

Ndipo akaja Uncle Khaemba.

Uncle Khaemba si ndugu yetu wa damu. Alikuwa pacemaker wa Mama. Kwa wasiojua mbio: pacemaker ni mkimbiaji anayelipwa kukaa mbele na kuvuta wengine kwa kasi. Anapasua upepo, anaongoza, halafu akifika mahali walipokubaliana anatoka barabarani. Hamalizi. Ukimwona mwanzoni unaweza kuapa atashinda.

Ajabu ni kwamba yeye ndiye tajiri kuliko mabingwa wote aliowavuta. Ana mashine za kukausha mahindi kule Rongai, na wakulima wanapanga foleni. Ukimuuliza siri, anapiga kifua:

"Bingwa anafikiri barabara haiishi. Mimi kila mbio nilijua nitaishia wapi. Kwa hivyo nilijipanga mapema!"

Ana kelele, ana majivuno, na anavaa kofia za mbio ambazo hakumaliza. Sikuwa nampenda sana.

Alimkuta Gachanja kwetu.

"Niaje, buda! Ndiye wewe mkwe?"

"Ndio mimi, mzee."

"Viatu vinang'aa! Hivi havijawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe."

"Vitakanyaga tu, mzee."

"Wapi, na nasikia unataka ng'ombe wauzwe?"

Gachanja akacheka vizuri, akaaga, akaondoka. Uncle akamsindikiza kwa macho hadi langoni. Halafu akamgeukia Mama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akiongea pole pole.

"Chelagat. Huyu hana chupa."

Mama akaketi.

Nieleze. Kwenye marathon, kila mkimbiaji huwekewa chupa zake za kinywaji kwenye meza kando ya barabara, mbio nzima. Nikiwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kufunga uzi mwekundu kwenye chupa za Mama kabla hajasafiri, ili azitambue kwa mbali. Lakini pacemaker huwekewa chupa hadi pale atakapotoka barabarani tu. Meza za mbele, hana kitu.

"Ukitaka kujua nani atamaliza," Uncle akasema, "usiangalie miguu. Angalia meza za mbele."

"Uncle, unamaanisha nini?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Anasema amenunua ploti. Anasema atajenga, atakuoa, mtakaa pale. Sawa. Upande ule wa Gilgil ni kavu. Mtu wa kujenga hawezi kuchanganya hata simiti bila maji. Umewahi kumsikia akiuliza maji?"

"Si kila mtu anaongea kuhusu mifereji!"

"Hata mara moja?"

"Uncle, wewe una wivu tu!"

"Mimi? Na mashine zangu zinanguruma Rongai saa hii?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Chelagat, muulize tu. Usimtege. Muulize vile mama anauliza."

Sasa mnajua kilichotokea siku ya wazee.

Mzee Njuguna alikuwa ameongea vizuri sana. "Tulipotelewa na mtamba wetu," akasema, "tukafuata nyayo, nyayo zikatuleta kwenye lango hili." Watu wakapiga makofi. Mimi nyuma ya pazia nikawa najipangusa machozi, kwa sababu huyo mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, alikuwa fumbo lao la bibi harusi, yaani mimi.

Kisha Mama akauliza, kwa upole, akimmiminia Gachanja chai:

"Mwanangu, huko Gilgil mtachota maji wapi?"

Gachanja akacheka. "Mama, hayo ni mambo ya fundi! Leo ni siku ya furaha."

"Fundi gani?"

"Atapatikana, Mama."

"Majirani wa pale wanachota wapi?"

"Kampuni itashughulikia. Mama, usijali kabisa."

Mama akafunga macho. Akaweka birika chini.

Yaliyofuata mliyasikia.

Niliondoka nyumbani siku hiyo hiyo. Nilienda kukaa kwa Kimberly, kwenye bedsitter yake hapa mjini. Niliapa sitamsamehe Mama.

Gachanja alinijibu mwanzoni.

"Nipe muda babe. Nimeumia. Wazee wangu wameaibika."

Nikampa muda. Nililia kwa niaba yake! Nilimfikiria amejifungia mahali, hali, halali.

Mama akipiga simu, nakata.

Gachanja akaacha kujibu.

"Becky, huyo ameenda," Kimberly akaniambia akikaanga mayai.

"Ameumia."

"Ameumia ama amehama?"

"Wewe hujui mapenzi, Kim."

"Kweli sijui. Lakini najua simu iliyozimwa."

Basi nikapata wazo. Wazo la mtu anayependa. Nilinunua mche wa parachichi kando ya barabara, nikaenda Gilgil, niupande kwenye ploti yetu pale penye dirisha la jikoni. Nipige picha, nimtumie. Ajue bado nipo. Ajue sisi bado tunajenga.

Na kwa sababu mche unahitaji maji, na pale hapakuwa na maji, nilinunua jerikeni nikaijaza Gilgil mjini. Boda akanishusha barabarani, nikatembea na jerikeni begani mpaka shingo ikauma.

Ndugu zangu... nilibeba maji begani hadi pale, na bado sikuelewa!

Nilipofika, kulikuwa na msichana.

Alikuwa amesimama kando ya jiwe nambari moja, amevaa kofia kubwa ya jua, anajipiga picha.

"Sasa," nikamsalimia.

"Poa. Umepotea, dada?"

"Hapana. Nimekuja kwa ploti yetu."

"Iko wapi?"

"Hapo umesimama."

Akacheka, si kwa ubaya. "Soma jiwe vizuri. Hii ni nambari moja. Ni ya mchumba wangu."

"Hapana. Ni ya mchumba WANGU."

Tukatazamana. Upepo ukavuta kofia yake, akaishika.

"Wako anaitwa nani?" akauliza polepole.

"Gachanja."

Alinigeuzia simu yake tu.

Kwenye kioo cha simu alikuwa Gachanja wangu, amemkumbatia, na nyuma yao leleshwa hizi hizi.

Nikaketi kwenye jerikeni.

Anaitwa Wawira. Baba yake alicheza mpira ughaibuni enzi zake. Alipostaafu akarudi na kujenga nyumba za kupangisha hapa Nakuru. Hizo ndizo pensheni yake.

"Alikuja kwenu lini?" nikamuuliza. "Na wazee?"

"Jumamosi."

Jumamosi! Jumamosi iliyofuata ile ya kwetu! Wakati mimi nalia kwa niaba yake, yeye alikuwa anavaa suti!

"Ulirekodi?"

"Dada yangu alirekodi."

Akanionyesha.

Hema jingine. Viti vingine. Lakini kofia ya manyoya ilikuwa ile ile.

"Tulipotelewa na mtamba wetu," Mzee Njuguna alikuwa anasema kwenye simu, "tukafuata nyayo, nyayo zikatuleta kwenye lango hili..."

Neno kwa neno. Hata pale alipotulia ili apigiwe makofi.

Halafu kamera ikageuka... nikamwona mbuzi.

Mwenye sikio lililochanika.

"Huyo mbuzi... Huyo mbuzi namjua."

"Ako kwetu. Anamaliza sukuma wiki ya mathe bustanini."

Tulianza kucheka. Haki tulicheka! Wasichana wawili katikati ya uwanda, tunacheka mbuzi wa kukodi na mjomba wa kukodi. Tukacheka mpaka Wawira akaanza kulia, na akilia hakuweza kuacha.

"Nini?" nikamshika. "Wawira, nini?"

"Baba ameshauza nyumba."

"Zote?"

"Zote. Amechukua safu nzima hapa. Alisema kama mkwe ametangulia, yeye anaogopa nini?"

"Pesa iko wapi?"

"Imeenda kwa kampuni."

Nikatazama kule uwandani. Hapakuwa na trekta. Hapakuwa na mlingoti wa stima. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Mpigie," nikasema. "Na simu yako. Weka spika."

Alishika mara ya kwanza tu.

"Mpenzi, niaje? Nilikuwa nakuwaza."

Sauti ile ile. Ule upole ule ule! Nilidhani ni wangu pekee.

"Gachanja, ni Becky."

Nikasogea karibu na simu.

"Niko na Wawira. Tuko pale ulisema ni jikoni."

"Kwangu alisema ni sebule," Wawira akasema kwa kwikwi.

Nikasikia anapumua.

"Becky... sikiliza. Mimi sijauza kitu. Mimi nililipwa nionekane wa kwanza, basi. Watu wakiona kuna mtu ametangulia, wanafuata. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sikujua watauza nyumba zao zote..."

"Ulimwambia Mama auze shamba."

"Najua."

"Na mimi? Mimi nilikuwa kazi?"

Hakujibu.

"Gachanja! Mimi nilikuwa kazi?!"

"Zile mbio za mama yako," akasema mwishowe, na sauti yake ikakatika. "Kuzitazama... hiyo sikulipwa."

Akakata. Nambari hiyo haijapatikana tena.

Ndugu zangu, kama angenitukana ningepona haraka. Ni hilo neno la mwisho ndilo lililoniacha na kidonda.

Tulinawa uso kwa maji ya jerikeni. Mche sikuupanda. Tulienda polisi siku hiyo, tukaandikisha. Ofisi ya kampuni mjini tulikuta imefungwa, mlinzi anasema walihama. Kesi ipo, inasonga kama konokono.

Kisha nikaenda nyumbani.

Dundori ilikuwa na ukungu. Mama alikuwa zizini, anamkama Malaika, ng'ombe wake mkali. Nilisimama mlangoni na mche wangu mkononi.

Hakuuliza nilikuwa wapi. Hakusema, "Si nilikuambia?"

"Umekula?"

"Bado, Mum."

"Ingia. Iko mezani."

Nikaingia jikoni.

Mezani palikuwa na chupa ya zamani ya mbio. Plastiki imechakaa, na shingoni ilikuwa imefungwa uzi mwekundu uliopauka. Uzi niliofunga mimi, nikiwa mtoto. Ndani yake kulikuwa na maziwa, bado yana joto.

Nikasikia gumboots nyuma yangu.

"Mum... ulijuaje nakuja leo?"

"Sikujua. Naweka kila siku. Usipokuja nampa paka."

Nilivunjika. Nilimwambia yote: jiwe, Wawira, kofia ya manyoya, mbuzi. Alisikiliza amesimama, goti bovu limeegemea meza.

Nilipomaliza, akaketi.

"Unajua siku ile nilitaka kutangaza nini, Becky?"

"Nini?"

"Kwamba shamba linauzwa. Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu. Nilitaka niwaambie mbele ya wazee, safu ya Gilgil ni yenu, nyinyi wawili."

"Mum..."

"Nilipouliza maji, niliomba Mungu ajibu vizuri. Angesema tu, 'Mama, tutachimba kisima.' Angesema, 'Tutanunua tangi.' Hata angedanganya, Becky! Hata uongo mzuri ningekubali. Nilimpenda yule kijana."

Na mama yangu akalia. Sijawahi kumwona akilia. Si alipovunjika goti, si Baba alipoondoka na matatu.

"Nilikuwa nimepata mtu wa kutazama mbio naye," akasema.

Nilifikiri sana kama nimwambie. Nikamwambia.

"Alisema hiyo hakulipwa, Mum. Kutazama mbio na wewe."

Alijipangusa na kanga.

"Basi hiyo moja tumwachie."

Parachichi tumelipanda karibu na lango, pale ambapo mbuzi walifunguliwa kamba. Mama amekataa wanunuzi wote. Ofisi yangu ndogo nimeifungua, meza moja na viti viwili kama nilivyosema, na mzee wa kwanza kuketi alikuwa baba yake Wawira. Sikuweza kumrudishia nyumba zake. Tulianza na alichobaki nacho, ambacho ni kidogo, na Uncle Khaemba amempa usimamizi wa mashine moja Rongai. Mzee alikuwa anashangiliwa na uwanja mzima. Sasa amejaa vumbi la mahindi. Akiniona anatabasamu, na mimi nikigeuka nalia.

Wewe uliyestaafu, uwe ulikimbia, ulicheza mpira, ulipigana ngumi, au ulifundisha darasani maisha yako yote: atakuja mtu mwenye maneno mazuri, akuambie umechoka, uuze ulichojenga pole pole ununue kinachoongezeka haraka. Atakuonyesha aliyetangulia. Usimfuate aliyetangulia kwa sababu tu yuko mbele. Wengine wamelipwa kuwa mbele, na kuna mahali watatoka barabarani wakuache peke yako. Kabla hujauza hata kuku, uliza maji yako wapi. Halafu nyamaza umsikilize. Mtu aliyekuja kukaa anayo majibu, kwa sababu swali hilo limemnyima usingizi yeye kabla yako.

Na wewe uliyependa kama mimi, angalia ni nani amekuwekea chupa kwenye meza za mbele. Huenda ni yule uliyemkatia simu.

Kuna jambo moja nimesahau kuwaambia.

Wiki iliyopita Wawira alikuja Dundori. Wamehamia nyumba ndogo ya kupanga, haina uwanja, na mama yake amesema hawezi kuendelea kumtazama mnyama yule. Hakuna mtu mwingine aliyetaka kumchukua.

Alikuwa anamvuta kwa kamba. Yule mwenye sikio lililochanika.

Mama akatoka, akamwangalia kwa muda. Mbuzi naye akamwangalia Mama.

Mama akaichukua ile kamba kwa mikono ile ile, akaifunga kwenye mti ule ule.

"Huyu hana makosa," akasema. "Alikodiwa tu."

Kisha akanigeukia.

"Becky, mletee maji."